Muuguzi kwenda Ujerumani: shajara ya mradi, wiki −60 hadi +30

Faili linalofuatwa hapa ni la muuguzi wa Tanzania mwenye stashahada ya miaka 3, leseni hai, mtoto mmoja, na mwenzi anayebaki nyumbani kwanza. Njia ni utambuzi wa taaluma, yaani Ujerumani kuikubali stashahada iliyopo, si kuanza mafunzo upya. Wiki zinahesabiwa kutoka siku ya ndege: alama ya kutoa ni kabla, ya kujumlisha ni baada.

Kila karatasi imewekewa rangi. Kijani haiozi: cheti cha kuzaliwa, stashahada, saa za mtaala. Nyekundu inaoza: cheti cha tabia njema, uthibitisho wa leseni, bima, ahadi ya kazi. Kijani hutafutwa mapema, nyekundu mwishoni kabisa. Mafaili mengi hukwama kwa kufanya kinyume: mtu anawahi polisi kuchukua alama za vidole wakati hata "guten Morgen" haijamkaa mdomoni, na siku faili likiwa tayari, cheti kimeshapitwa na wakati.

Wiki −60. Lugha

Lugha ndiyo inayopanga tarehe ya ndege. Kutoka sifuri hadi B2 (ngazi ya nne kati ya sita za lugha, A1 hadi C2), Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani ya kufundisha Kijerumani, inakadiria vipindi 600 hadi 800 vya dakika 45. Kwa vipindi 20 kwa wiki hiyo ni wiki 30 hadi 40 bila kuugua, bila zamu za usiku, bila msiba. Muuguzi aliye kazini hawezi mwendo huo. Vipindi 12 kwa wiki ni mwendo wa kweli, na hesabu yake inakaribia wiki 60.

Mtihani wa B2 wa Goethe una sehemu 4: kusoma, kusikiliza, kuandika, kuzungumza. Kila sehemu inadai alama 60 kati ya 100, na inaweza kufanywa peke yake. Aliyeanguka kuandika anarudia kuandika tu. Usilipie mtihani mzima mara ya pili.

Sheria ya viza ya hatua za utambuzi inaanzia A2, lakini waajiri wa uuguzi huomba B1 au B2, na leseni kamili ya Ujerumani kwa kawaida haitoki bila B2. Kwenda na A2 ni kuhamishia darasa kwenye wodi ya zamu 3.

Wiki −58. Nani anaruhusiwa kusajili

Jambo hili halitajwi kwenye matangazo. Tanzania imo kwenye orodha ya WHO ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya. Kanuni ya ajira ya Ujerumani inasema kwamba katika nchi za orodha hiyo kazi ya kuandikisha watumishi wa afya na uuguzi ni ya Shirika la Ajira la serikali (Bundesagentur für Arbeit) peke yake. Kwa hiyo wakala binafsi anayekodi ukumbi Dar na kukusanya wauguzi hana mguu wa kusimamia upande wa pili. Muuguzi anayejitafutia kazi mwenyewe, kwa kuandika barua hospitali moja moja, hana kosa lolote. Faili letu linakwenda njia hiyo.

Kenya ilitia saini makubaliano ya uhamiaji na Ujerumani mjini Berlin tarehe 13 Septemba 2024. Habari iliyosambaa ya nafasi 250,000 ilikanushwa na serikali ya Ujerumani yenyewe: makubaliano hayana idadi. Anayeuza "nafasi za mkataba wa serikali" anauza hewa.

Kipimo cha haraka cha uhalali: mwajiri ndiye anayelipa gharama za kuandikishwa. Ukiombwa "ada ya usajili", funga mlango.

Wiki −56. Majina

Karatasi zote zimetandazwa mezani na jina limeandikwa kwenye jedwali herufi kwa herufi: cheti cha kuzaliwa, kidato cha nne, stashahada, leseni, kadi ya NIDA, pasi. Kasoro za kawaida ni tatu: jina la babu lipo kwenye pasi lakini halimo kwenye stashahada, herufi moja inawakilisha jina la katikati, majina yamegeuzwa mpangilio. Ofisi ya Kijerumani inagawa jina mafungu mawili tu, la ukoo na la kupewa, na haijui desturi yetu ya jina-baba-babu.

Tofauti ndogo hutibiwa kwa kiapo cha majina mbele ya wakili, kikitaja kila namna jina lilivyoandikwa na karatasi lilipo. Tofauti kubwa inataka hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na pasi ndiyo inayofuatwa. Usibadili pasi katikati ya safari ya faili: namba ya pasi huwa imeshaandikwa kila mahali.

Cheti cha kuzaliwa cha zamani cha mkono kinabadilishwa RITA sasa hivi. Cha mtoto pia, hata kama mtoto habebwi. Sababu iko wiki +5.

Wiki −50. Saa za mtaala (hapa ndipo mafaili hufia)

Ofisi ya utambuzi haisomi alama za A na B. Inalinganisha saa. Mafunzo ya uuguzi Ujerumani ni saa 4,600: 2,100 za nadharia na 2,500 za vitendo. Wanataka kuona, somo kwa somo na wodi kwa wodi, saa ngapi zilitumika. Transkripti ya vyuo vyetu mara nyingi huonyesha jina la somo, mikopo ya somo (krediti) na alama. Mikopo si saa.

Kinachoombwa chuoni ni barua moja yenye mhuri na jedwali lenye safu nne: somo, mwaka, saa za nadharia, saa za vitendo. Chini yake jedwali la pili la mafunzo wodini: ndani ya hospitali, upasuaji, watoto, wazazi, afya ya akili, huduma ya nyumbani na wazee. Haya mawili ya mwisho ndiyo pengo letu karibu kila mara, kwa kuwa kulea wazee kwenye makao si sehemu kubwa ya mafunzo yetu. Kama zilikuwepo saa hata 40, ziandikwe kwa jina lake, zisimezwe ndani ya "afya ya jamii".

Mpelekee mwandikishaji wa chuo jedwali tupu lililochapwa tayari pamoja na nakala ya mtaala wa mwaka uliohitimu. Ukimwomba tu "barua ya saa", utapewa aya moja isemayo ulisoma miaka mitatu kwa bidii.

Uzoefu wa kazi huziba mapengo ya saa, kwa hiyo barua za waajiri zinaombwa wiki hii hii: tarehe ya kuanza na kumaliza, saa kwa wiki, wodi gani kwa miezi mingapi, kazi zilizofanywa. "Alikuwa mfanyakazi mwaminifu" haizibi pengo hata la saa moja.

Hali: barua ya chuo ndiyo karatasi inayochukua muda mrefu kuliko zote. Imetengewa wiki 12.

Wiki −43

Lugha B1 imeanza. Hakuna karatasi nyekundu iliyoguswa.

Wiki −34. Tafsiri

Tafsiri za kwenda Ujerumani zinafanywa na mtafsiri aliyeapishwa huko. Orodha yao iko justiz-dolmetscher.de. Bei hutajwa kwa mstari au ukurasa, kwa hiyo skani kila karatasi kwa nukta 300 kwa inchi na omba bei kwa wawili au watatu. Makosa mawili ya kuepuka: kutafsiri kabla kiapo cha majina hakijapatikana (unalipa mara mbili), na kutafsiri nakala isiyo na mhuri unaosomeka. Mhuri uliofifia huandikwa na mtafsiri "hausomeki", na neno hilo hugeuka kuwa swali ofisini.

Nakala zilizothibitishwa: seti 3. Asili haitumwi kwa posta kamwe.

Wiki −28. Faili limetumwa

Utambuzi wa uuguzi ni kazi ya majimbo, na Ujerumani ina majimbo 16. Faili linakwenda kwenye ofisi ya jimbo la mwajiri, na jimbo moja laweza kudai kisichodaiwa na jirani yake. Kwa hiyo jimbo huchaguliwa kabla ya kutuma, si baada. Kituo cha ZSBA kilichoko Bonn hushauri bure walio nje ya Ujerumani kuhusu ofisi ipi na karatasi zipi.

Mwajiri akikubali, kuna njia ya haraka kupitia ofisi ya wageni ya mji wake: ada euro 411, uamuzi wa utambuzi ndani ya miezi 2, miadi ya ubalozi ndani ya wiki 3, jibu la viza ndani ya wiki nyingine 3. Saa hiyo haianzi kupiga mpaka faili liwe kamili. Karatasi moja ikipungua, miezi 2 haijaanza hata siku moja. Ndiyo maana ya wiki −50.

Tangu 2024 inawezekana pia kuacha ulinganisho wa saa na kwenda moja kwa moja kwenye mtihani wa maarifa. Inamfaa ambaye chuo chake kimefungwa au kumbukumbu zimepotea. Mwenye jedwali zuri la saa asikimbilie huko. Saa zake zinaweza kumpunguzia mzigo.

Wiki −19. Barua ya mapungufu

Imefika barua iitwayo Defizitbescheid. Jina linatisha, lakini ndiyo inayotarajiwa: haikatai, inataja mapengo. Kuziba kwake ni kwa njia mbili. Kenntnisprüfung ni mtihani wa vitendo na wa mdomo, na unarudiwa mara moja tu. Anpassungslehrgang ni kozi ya kujazia pamoja na kazi, na huishia kwa mazungumzo ya mwisho. Mwenye Kijerumani imara na mikono ya wodi huchagua mtihani kwa kuwa ni mfupi. Mwenye B1 ya kubahatisha achague kozi: mtihani wa mdomo huangusha wanaojua kazi lakini hawajui kuieleza.

Wiki −15. Mkataba

Mambo manne yamepigwa mstari.

Mshahara wakati wa utambuzi ni wa msaidizi, si wa muuguzi kamili. Katika makao ya wazee na huduma ya nyumbani, kima cha chini tangu Julai 2025 kilikuwa euro 16.10 kwa saa kwa msaidizi asiye na sifa na 20.50 kwa muuguzi aliyetambuliwa. Mkataba utaje tarehe ya kupanda: siku leseni inapotoka, si "baada ya mazungumzo".

Kifungu cha kurudisha gharama. Kama mwajiri amelipia kozi na nauli na anataka zirudishwe ukiondoka mapema, deni lipungue mwezi kwa mwezi na liwe na mwisho. Kifungu kinachodai kiasi kilekile hadi siku ya mwisho hakisainiwi. Kinarudishwa kwa barua.

Chumba: kodi yake, nani mwenye nyumba, na kama barua ya kujisajili itatolewa. Likizo: kwa wiki ya siku 5, chini ya siku 20 ni kinyume cha sheria, na wengi hutoa zaidi.

Wiki −11. Karatasi nyekundu

Sasa tu: cheti cha tabia njema polisi, uthibitisho wa leseni kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga, bima ya kuanzia siku ya kuingia hadi siku ya kwanza ya kazi. Chanjo ya surua dozi 2 inahitajika kisheria kwa wafanyakazi wa afya waliozaliwa baada ya 1970. Kadi ya utotoni ikiwa imepotea, pima kinga kwa damu au chanjwa upya sasa, si siku ya kuripoti kazini.

Viza ya taifa ni euro 75, hulipwa kwa pesa ya nchi. Seti 2 za nakala kwa mpangilio uleule wa orodha ya ubalozi, picha 35 kwa 45 mm, pasi yenye kurasa mbili tupu. Jina la kazi kwenye mkataba, kwenye fomu na kwenye barua ya utambuzi liwe lilelile. "Msaidizi" hapa na "muuguzi" pale hurudisha faili.

Anayedaiwa na Bodi ya Mikopo aweke utaratibu wa kulipa kabla ya kuondoka. Deni halisafiri, linakusubiri.

Wiki −2. Sanduku

Nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya ni marufuku, hata nyama kavu, hata kipande. Samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa mtu, kwa hiyo dagaa wakavu wanapita. Funga mara tatu kwa heshima ya abiria wenzako. Asali mwisho kilo 2. Matunda mabichi yanataka cheti cha afya ya mimea isipokuwa machache, yakiwemo ndizi, nanasi, nazi na tende. Embe linabaki nyumbani. Fedha taslimu kuanzia euro 10,000 hutangazwa forodhani.

Umeme ni volti 230, hezi 50, sawa na wetu, ila tundu ni la pini mbili za mviringo. Adapta 2 zinatosha. Transfoma ni mzigo wa bure.

Karatasi za asili kwenye mkoba wa mkononi. Tiketi ichaguliwe ya kufika Jumatatu au Jumanne. Anayefika Jumamosi jioni anakutana na Jumapili ya Kijerumani: maduka yamefungwa, ofisi zimefungwa, na friji tupu.

Wiki +1. Usajili wa makazi

Anmeldung hufanywa ndani ya wiki 2 tangu kuhamia. Vinatakiwa pasi, fomu na barua ya mwenye nyumba iitwayo Wohnungsgeberbestätigung. Mkataba wa kodi hauchukui nafasi ya barua hiyo. Miadi ikikosekana, piga picha ya skrini inayoonyesha ulitafuta, na jaribu mapema asubuhi zinapoachiwa nafasi zilizofutwa.

Kwenye fomu kuna swali la dini, na watu hulipita kama salamu. Mlutheri au Mkatoliki anayejaza dini yake ameandikishwa kodi ya kanisa: asilimia 8 ya kodi ya mapato huko Bavaria na Baden-Württemberg, 9 kwingineko. Si sadaka ya hiari, inakatwa kwenye mshahara. Kwa Mlutheri wa Kilimanjaro au Iringa, aliyezoea bahasha ya ahadi, ni vyema ajue anachosaini, na jibu liwe la kweli. Kutoka baadaye kunafanywa ofisini, na majimbo mengi yanatoza ada.

Jina kwenye sanduku la barua siku hiyohiyo, hata kwa karatasi na gundi. Namba ya kodi ya tarakimu 11, kadi ya bima na namba ya siri ya benki zote huja kwa posta, na tarishi hasomi namba ya chumba, anasoma jina. Lisipokuwepo, barua inarudi. Bila namba ya kodi mwajiri anaweza kukukata kodi kwa daraja la VI, kali kuliko yote, na fedha hizo zinarudi baadaye sana.

Miadi ya ofisi ya wageni imeombwa wiki hii, ingawa viza bado ni mpya. Ombi la kibali lazima liingie kabla viza haijaisha. Likicheleweshwa na ofisi, wanatoa Fiktionsbescheinigung, cheti cha muda cha kuendelea kukaa; kabla ya kusafiri nayo, angalia kisanduku kilichotiwa alama, kwani si kila aina inaruhusu kurudi. Tangu Mei 2025 picha za kibali ni za kidijitali, hivyo zile za studio ya Kariakoo zimebaki kumbukumbu.

Wiki +5. Hati ya kwanza ya mshahara

Makato ni pensheni 9.3, ukosefu wa ajira 1.3, afya 7.3 na nusu ya nyongeza ya mfuko uliochaguliwa, kisha bima ya uangalizi (ya kuhudumiwa mtu asipojiweza). Zote asilimia ya mshahara ghafi, kabla ya kodi. Kwa pamoja karibu sehemu ya tano. Mwenye umri wa miaka 23 na zaidi asiye na mtoto hukatwa nyongeza ya 0.6 kwenye bima ya uangalizi. Hapa ndipo cheti cha mtoto cha wiki −56 kinapofanya kazi: kinapelekwa kwa mhasibu, nyongeza inaondoka.

Daraja la kodi ni la I, ingawa mtu ana ndoa, kwa kuwa mwenzi anaishi nje ya Ulaya. Si kosa la mhasibu.

Fedha za kumtunza mzazi asiye na kipato zinaweza kupunguza kodi ya mwaka. Kiwango cha juu cha 2025 kilikuwa euro 12,096, na kwa Tanzania na Kenya huhesabiwa robo, yaani 3,024 kwa mtu. Kuanzia mwaka huo zinahesabiwa zilizotumwa benki hadi akaunti ya mpokeaji mwenyewe tu. Pesa ya mkononi kupitia shemeji anayekuja likizo haihesabiki. Mfungulie mama akaunti kwa jina lake.

Wiki +9. Nyumba

Kuna pango baridi na pango moto. La moto limejumlisha joto na huduma. Amana haizidi pango baridi la miezi 3 na kwa sheria inaweza kulipwa kwa mafungu 3. Nyumba nyingi hukodishwa bila jiko, na maana yake ni bila jiko: bomba ukutani na waya. Uliza "Einbauküche?" (jiko lililojengewa ndani) kabla ya kufurahia bei. Piga picha kila ukuta siku ya kupewa funguo, andika mita za umeme na joto kwenye karatasi ya makabidhiano.

Ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, si utapeli. Mkiishi watatu analipa mmoja.

Wiki +17

Baridi. Madirisha yafunguliwe wazi kabisa dakika 5 hadi 10, mara 2 au 3 kwa siku, hita ikiwa imezimwa. Kuyaacha nusu siku nzima hupoza ukuta na kuleta ukungu mweusi, kisha mwenye nyumba anadai fidia. Anayepika ugali na maharage saa mbili bila kufungua dirisha atauona ukungu kwanza jikoni.

Wiki +22

Leseni ya udereva ya nyumbani inatumika miezi 6 tu tangu kuhamia. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya kubadilishiwa, kwa hiyo mtihani wa nadharia na wa barabarani vyote vinafanywa. Nadharia inapatikana kwa Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu, Kiswahili hakimo. Kwa sasa faili linatumia tiketi ya Deutschlandticket (ya mabasi na treni za kawaida nchi nzima), iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49 na kufika 58 Januari 2025. Ni ya mwezi hadi mwezi, na kusitisha ni kabla ya tarehe 10.

Wiki +30

Mtihani wa vitendo umepangwa. Yanayofanyiwa mazoezi: kukabidhi zamu kwa mdomo, kupanga huduma ya mgonjwa kwa maandishi, na kueleza sababu ya kila tendo kabla ya kulifanya. Yaliyo wazi kwenye faili: ombi la mwenzi kujiunga, ambalo linaanza na A1 yake na cheti cha ndoa, na kuhesabu miezi ya pensheni, kwa kuwa anayeondoka Ujerumani akiwa na michango ya chini ya miezi 60 anaweza kudai sehemu yake baada ya miezi 24 ya kusubiri.